Mtwapa, jirani ya Mombasa: pesa inaenda wapi?

Hebu simama steji ya Mtwapa saa kumi na moja alfajiri. Utadhani mji mzima unahama. Matatu zinajaa watu wa viwandani, wa mahotelini na wa madukani, wengi wakivuka daraja kwenda Mombasa. Jioni wanarudi kulala.

Mtwapa iko kaunti ya Kilifi, lakini ukivuka ule mkono wa bahari tu uko Shanzu, na Shanzu ni Mombasa. Watu hupanga huku kwa kuwa vyumba ni nafuu kuliko kisiwani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 90,000. Wateja wapo tele. Mbona basi mama wa kibanda analia biashara mbaya?

Ni hivi. Mfanyakazi akilipwa, hulipwa Mombasa. Kabla hajafika nyumbani ashapitia soko la Kongowea, ambalo liko njiani kwake, akabeba unga, mchele na nyanya kwa bei ya chini. Tarehe ishirini mfuko ukikauka, ndipo anamkumbuka jirani: "Mama, niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi." Pesa taslimu imebaki Mombasa, deni limekuja Mtwapa.

Na huyo mama naye hununua wapi? Kongowea hiyo hiyo! Tufanye hesabu ya mfano. Kreti ya nyanya amenunua sh. 3,000, akauza yote sh. 3,800. Anasema nimepata 800. Lakini wapi! Nauli kwenda na kurudi 160, hamali na mzigo 150, zilizopondeka 250. Zimebaki 240, na kreti imemchukua siku mbili. Ni sh. 120 kwa siku, na hapo bado hatujahesabu walioandikiwa daftarini.

Akina mama watatu wakimtuma mmoja wao, nauli ile ya 160 inakuwa kama 53 kwa kila mmoja. Tena wale wawili wamebaki vibandani asubuhi wakiuza. Wagawane zamu, na risiti iletwe, maana hapo ndipo vikundi vingi huvunjika.

Jambo lingine ni kuuza kile ambacho mtu hawezi kukibeba kutoka mjini. Mbaazi za nazi na mahamri alfajiri pale steji huuzwa kwa pesa mkononi. Mwenye haraka ya kuwahi matatu haombi deni. Jioni ni hivyo hivyo: samaki wa kukaanga, mchicha uliokwisha katwakatwa, makaa ya kipimo kidogo. Mtu aliyechoka hulipia kupunguziwa kazi.

Na deni ukilazimika kutoa, muulize mteja kwanza hulipwa tarehe ngapi. Siku hiyo uwe kibandani jioni, daftari wazi, matatu zikianza kushusha.