Mtoto anapona nimonia nyumbani: mtazame kifua kabla ya kusikiliza kikohozi

Siku ya tatu au ya nne tangu mtoto aanze dawa ya nimonia, mjadala huanza ndani ya nyumba. Homa imeshuka, mtoto ameomba uji, ameshika tena kigari chake cha maboksi, lakini usiku anakohoa hadi chumba cha pili wanaamka. Bibi anasema, "Mwanangu, hiyo dawa ya zahanati haijamfaa, kifua bado kimejaa." Jirani anataja duka lenye dawa kali zaidi. Shangazi anasema kimeo kimeshuka, mtoto apelekwe akakatwe. Baba anauliza kama dozi iongezwe siku tano nyingine. Wote wanasikiliza kikohozi, na wote wanampenda mtoto huyo. Lakini hakuna aliyemfunua fulana akatazama kifua kinavyopanda na kushuka.

Katika siku za kupona nimonia, kikohozi ndiyo dalili inayosikika kuliko zote, na ndiyo inayowapotosha wazazi wengi zaidi. Hali ya mapafu inasomeka kwenye kasi ya pumzi, kwenye ngozi ya chini ya mbavu, na kwenye titi au bakuli la uji. Mzazi anayejua kusoma sehemu hizo tatu hatakimbilia dukani bila sababu, na hatachelewa kwenda hospitali sababu inapokuwepo.

Jambo hili lina uzito kuliko zamani kwa sababu sehemu kubwa ya tiba sasa inafanyika nyumbani. Zamani mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta hewa alipaswa kulazwa. Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo huo mwaka 2014: mtoto wa miezi 2 hadi chini ya miaka 5 anayepumua haraka, au ambaye kifua chake kinabonyea, anaweza kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kumeza iwapo hana dalili yoyote ya hatari na hana maambukizi ya VVU. Mwongozo huu umewaepushia watoto wengi sindano na wodi zilizojaa. Maana yake pia ni kwamba kazi ya kumwangalia mgonjwa, ambayo ingefanywa na muuguzi, sasa inafanywa na mama, baba au dada wa nyumbani. Na ugonjwa wenyewe si wa mzaha: duniani kote, nimonia huua watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya miaka 5 kila mwaka.

Kikohozi kinabaki kwa sababu ya kinachotokea ndani ya mapafu. Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na humo ndimo oksijeni huingia kwenye damu. Nimonia inapoingia, vifuko hivyo hujaa usaha na majimaji, na mtoto analazimika kupumua haraka ili kufidia nafasi iliyopotea. Dawa huua bakteria, lakini haizoi uchafu ulioachwa. Usafi huo unafanywa na mwili wenyewe: chembe za kinga hula mabaki, kisha vinyweleo vilivyotandazwa ndani ya njia za hewa huyasukuma makamasi kuelekea kooni. Ugonjwa huwa umeviharibu vinyweleo hivyo pia, na huchukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Katika kipindi hicho, kukohoa ndiko kunakoondoa makamasi. Kwa hiyo mtoto aliyepona vizuri anaweza kukohoa kwa wiki mbili au tatu bila kuwa na tatizo jipya, mradi kikohozi kinapungua siku hadi siku na pumzi yake imetulia.

Wale wanaotaka dozi iongezwe wangefaidika na tafiti mbili zilizohusisha Afrika. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba, Kilifi nchini Kenya ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulichapishwa mwaka 2019 na kuonesha kuwa miongoni mwa watoto waliolazwa kwa nimonia na picha za eksirei zikathibitisha, virusi vilisababisha takribani asilimia 61, na bakteria asilimia 27. Amoksilini haiui virusi. Tunaitoa kwa sababu zahanati haina kipimo cha kutenganisha watoto hawa, na kumkosesha dawa mwenye bakteria ni hatari. Utafiti mwingine, wa Lilongwe nchini Malawi, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha amoksilini ya siku 3 na ya siku 5 kwa watoto ambao vifua vyao vilikuwa vinabonyea. Matokeo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Mzazi afuate idadi ya siku alizoandikiwa, mara nyingi ni tano, na asiziongeze wala kuzipunguza kwa uamuzi wake. Kuongeza siku hakuharakishi kikohozi kuondoka. Kunawafundisha bakteria waliobaki mwilini kuizoea dawa.

Sasa turudi kwenye kifua. Subiri mtoto atulie. Akilala ni vizuri zaidi. Asiwe analia wala ananyonya. Pandisha fulana hadi chini ya shingo, weka simu au saa yenye mshale wa sekunde karibu, uhesabu kifua au tumbo linavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwani watoto wadogo hupumua kwa mikupuo, haraka kisha polepole. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, kiwango ni 40. Homa peke yake huongeza kasi, kwa hiyo akiwa wa moto, mpe dawa ya homa kisha hesabu tena ikishashuka. Andika namba kwenye karatasi, asubuhi na jioni. Namba inayoshuka kutoka 56 kwenda 48 kwenda 38 inamtuliza mama na bibi kuliko maneno yoyote ya daktari, na ukirudi kituoni itamsaidia sana atakayempokea mtoto.

Wakati unahesabu, tazama chini ya mbavu. Kwa kawaida sehemu hiyo hutoka nje mtoto anapovuta hewa. Ikiingia ndani kila anapovuta, mapafu yanafanya kazi kwa taabu. Kama hali hiyo haikuwepo na sasa imetokea, au ilikuwepo na inazidi, rudi hospitali hata kama kikohozi kimekwisha kabisa. Ndiyo, mtoto anaweza kuacha kukohoa kwa sababu amechoka mno, na ukimya huo ndio unaozifanya familia zilale usingizi wakati zinapaswa kuwa barabarani.

Dalili nyingine hazihitaji kuhesabu wala kusubiri asubuhi: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, kulegea au kuwa mgumu kuamka, kutoa mlio wa kukoroma au kuguna katika kila pumzi akiwa ametulia, ulimi au ufizi kubadilika kuwa wa bluu au kijivu. Kwa ngozi nyeusi, tazama ndani ya mdomo. Midomo kwa nje inaweza isioneshe chochote. Na degedege. Bado wapo wanaoamini kuwa degedege ni jambo la mashetani na kwamba sindano itamuua mtoto, wakamzungusha kwa waganga kwanza. Degedege kwa mtoto mwenye nimonia inaweza kumaanisha oksijeni au sukari imeshuka, au kwamba kuna malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na safari ianze hapo hapo. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, usihesabu siku wala kujaribu dawa nyumbani. Dalili yoyote ya ugonjwa ni ya kupelekwa kituoni mara moja.

Amoksilini hutolewa mara mbili kwa siku, na ni rahisi kukumbuka ukishikilia saa moja asubuhi na saa moja jioni. Vidonge vya watoto vinayeyuka katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Kiasi hutegemea uzito, kwa hiyo dozi ya binamu yake wa umri uleule si yake. Kama umepewa unga wa chupa, changanya na maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kwenye alama, tikisa kila mara, na pima kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya jikoni vinatofautiana sana. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Choo kulainika kidogo ni kawaida. Vipele mwili mzima au uso kuvimba ni sababu ya kuacha dawa na kurudi kituoni. Kwa homa, parasetamo inatosha, na aspirini haifai kwa watoto. Angalia pia kama kuna sirapu ya mafua ndani, kwani nyingi zina parasetamo, na mtoto huishia kupewa dozi mbili bila mtu kujua.

Sirapu za kikohozi zenyewe haziponeshi nimonia. Zile zenye kodeini au dawa za kuleta usingizi zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto mdogo. Mtoto aliyetimiza mwaka apewe asali kidogo kwenye maji ya uvuguvugu. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli. Anayenyonya tu, maziwa ya mama yanatosha. Pua iliyoziba ilegezwe kwa matone ya maji ya chumvi na kufutwa kwa kitambaa laini kabla ya kunyonya. Kumfunika mtoto shuka juu ya sufuria ya mafusho kumewaunguza watoto wengi. Na kimeo kiachwe mahali pake: nyama hiyo ndogo ya kooni haileti kikohozi, na wembe wa kuikatia huleta damu nyingi, pepopunda na maambukizi kwa mtoto ambaye tayari ni dhaifu. Nayasema haya kwa msisitizo kwa sababu ni jeraha ambalo mtoto hakulihitaji hata kidogo.

Chakula ni tiba ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya daktari. Kupumua kwa shida kunakula nguvu nyingi, na mtoto hutoka kwenye nimonia akiwa amepungua. Anyonye mara nyingi zaidi, hata kidogo kidogo; akichoka haraka, kamua maziwa umpe kwa kikombe safi na kijiko. Mkubwa apewe uji mzito ulioongezwa karanga zilizosagwa au maziwa, mtori, parachichi, viazi lishe, dagaa waliosagwa. Kijiko cha mafuta kwenye chakula huongeza nguvu bila kumjaza tumbo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili baada ya ugonjwa. Wiki mbili hizo huruka mikononi mwetu kwa urahisi, kwa sababu mtoto anaonekana amepona na kila mtu amerudi shambani au kazini.

Halafu kuna moshi. Kaya nyingi za Tanzania zinapika kwa kuni na mkaa, na moshi wa ndani huongeza karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mtoto anayepona leo hawezi kuusubiri. Asibebwe mgongoni jikoni. Jiko litolewe nje au mlango na dirisha vifunguliwe, na anayevuta sigara atoke nje ya nyumba. Kwa wenzetu wa Makete, Njombe na Mbeya kwenye baridi ya Juni na Julai, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto usiku. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua nyumba nzima. Blanketi na mwili wa mama vinatosha. Hata hivyo, mtoto mwenye homa asifungwe kwenye masweta matatu.

Miadi ya siku ya tatu ndiyo inayokosekana sana, na naelewa kwa nini: nauli, foleni, na mtoto anacheza. Lakini siku hiyo mhudumu anaangalia kama pumzi imeshuka, homa imepungua na hamu ya kula imerudi, na kama sivyo, anabadilisha dawa au kumpa rufaa kabla hali haijaharibika. Ni siku ya tiba, kama siku ya kwanza.

Kikohozi kinapovuka wiki mbili bila kupungua, kiulizwe kwa jina lake. Kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa kwa muda mrefu, au mtoto haongezeki uzito, apimwe kifua kikuu. Nimonia inayorudi rudi inahitaji kipimo cha VVU, uchunguzi wa pumu, na kipimo cha selimundu, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na mapafu yao huathirika kirahisi.

Ukienda, chukua kadi ya kliniki ili chanjo zinazosaidia kukinga nimonia ziangaliwe. Chanjo ya pentavalenti ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2009, na ya nimokoka ikaanza kuenezwa nchini mwanzoni mwa mwaka 2013; zote hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ile ya surua, ugonjwa ambao mara nyingi huua kupitia nimonia, hutolewa miezi 9 na 18. Kuugua si sababu ya kuzikosa, na mtoto aliyekosa moja anaweza kuipata siku hiyohiyo ya miadi, kabla hajapakatwa kurudi nyumbani.