Matumbawe, Daftari la Bahari Yetu

Mkazi anayepita Ndia Kuu, kutoka Fort Jesus kuingia Mji wa Kale, huzungukwa na kuta za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Mawe hayo yalijengwa na viumbe vya baharini kabla ya mafundi kuyachonga. Matumbawe yaliyo hai nayo yana faida nyingine: yanahifadhi kumbukumbu za bahari.

Tumbawe hujijengea mifupa ya chokaa kutokana na maji yanayolizunguka, tabaka juu ya tabaka. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Wanasayansi hutoboa kwa keekee, huchomoa kipande kirefu, hukipiga eksirei na kuhesabu miaka.

Kisha hupima kemia ya kila tabaka. Oksijeni nzito ikipungua, ni dalili kuwa maji yalikuwa na joto zaidi. Bariamu huonyesha udongo ulioletwa na mito. Boroni husaidia kukadiria asidi ya maji.

Tumbawe la Malindi, lililochunguzwa kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000, lilitoa kumbukumbu ya miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994. Lilionyesha kuwa joto la bahari limepanda kwa kiasi cha kufikia nyuzi 1.3 tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Utafiti mwingine wa 2007 uligundua kuwa udongo wa Mto Sabaki haukubadilika sana kati ya 1700 na 1900, kisha ukaongezeka kadiri ardhi ya bara ilivyozidi kutumiwa.

Hewa ya ukaa kutoka viwandani na kwenye magari huingia baharini pia. Tangu enzi ya viwanda, kipimo cha pH cha bahari duniani kimeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Maji hayajawa makali kama ndimu, lakini badiliko hilo ni ongezeko la asidi la karibu asilimia 30, na hulifanya tumbawe litumie nguvu zaidi kujenga mifupa yake.

Miamba hiyo huvunja mawimbi na ni makao ya samaki. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika pwani ya Kenya. Wakazi wanahimizwa wasikanyage matumbawe, wasiyang'oe wala kuyanunua, na manahodha watie nanga mchangani.