Goma: Katika parseli ndogo yenye mawe, kujua mboga zipi zikae pamoja kunasaidia familia

Wakaaji wengi wa Goma hawana shamba. Wana parseli: nyumba, choo, kamba ya kuanikia nguo, na kando ya ukuta kipande cha mita chache chenye mawe meusi ya Nyiragongo. Katika kipande hicho ndipo familia nyingi hupanda lengalenga, tomati, vitunguu na seleri, ili zisingojee soko kila jioni.

Sababu inajulikana. Sehemu kubwa ya mboga za mji hutoka Kibumba, Rutshuru, Masisi na Minova. Barabara moja ikifungwa na vita, bei sokoni inapanda mara moja. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini na benki kufunga milango, familia nyingi zilibaki bila pesa mkononi. Aliyekuwa na lengalenga nyuma ya nyumba alipata angalau cha kuweka kando ya fufu.

Lakini nafasi ikiwa ndogo, mmea mmoja uliowekwa vibaya unaweza kuharibu mingine yote. Ndiyo maana kuchagua majirani wa mimea ni kazi ya kwanza, kabla hata ya kununua mbegu.

Gunia mahali pa udongo

Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika upande wa Buhene. Pale jiwe lilipo juu, maji hupotea haraka na mizizi haina pa kushika. Wengi wanatumia gunia. Unaweka katikati yake kopo kubwa lisilo na kitako, unalijaza mawe madogo, kisha unazungushia udongo uliochanganywa na mavi ya mbuzi ao ya sungura yaliyooza vizuri. Unavuta kopo juu, unajaza tena, hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe inapeleka maji mpaka chini. Juu unapanda tomati moja ao mbili, na katika matundu ya pembeni unatia lengalenga na vitunguu.

Ndugu wasilale kitanda kimoja

Tomati, birayi, biringanya na pilipili ni mimea ya ukoo mmoja, na magonjwa yake mengi ni yale yale. Mildiu, ugonjwa unaoleta madoa ya kahawia kwenye majani wakati wa mvua nyingi, hutoka kwa birayi na kuingia tomati kwa siku chache tu. Kuna ugonjwa mwingine unaokaa ndani ya udongo: mmea unanyauka ungali kijani, hata ukinyweshewa. Mmea wa namna hiyo ung'olewe na kuchomwa, usitupwe kwenye shimo la mbolea.

Kwa hiyo birayi na tomati zisipandwe bega kwa bega, wala moja isifuate nyingine pale pale msimu unaofuata. Baada ya tomati, weka maharagi, vitunguu, shu ao lengalenga. Kwa gunia lililopata ugonjwa, udongo wote ubadilishwe.

Majirani wanaosaidiana

Mihindi na maharagi ni ndoa ambayo wakulima wa Kivu wanaijua tangu zamani. Maharagi yana vifundo kwenye mizizi, na ndani yake vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Muhindi nao unakuwa kijiti cha maharagi yanayopanda. Muhimu ni saa ya kupanda: maharagi yafuate mihindi baada ya wiki mbili hivi, la sivyo yatauvuta muhindi chini ungali mchanga. Boga likitambaa chini linafunika udongo, unyevu unabaki, na majani yake yanaliwa pia.

Tomati na lengalenga zinaelewana kwa sababu nyingine. Lengalenga huanza kuvunwa baada ya wiki tatu ao nne, kabla tomati haijatanua matawi. Nafasi moja inatoa mavuno mawili.

Shu ikichanganywa na pwaro, seleri ao vitunguu, wadudu wanapata shida kuipata. Wachunguzi wameona kwamba mdudu anayetafuta shu hutua ovyo kwenye majani mengine ya kijani na kupoteza muda. Wadudu hawaishi kabisa, lakini wanapungua.

Si kila linalosemwa ni kweli

Watu wengi hupanda maua ya njano yenye harufu kali, yale ya tagetesi, mawili matatu kando ya tomati, wakitumaini kufukuza minyoo midogo inayovimbisha mizizi. Maua hayo yana nguvu kweli, ila yakipandwa kwa wingi kitanda kizima, miezi miwili ao mitatu kabla ya tomati. Mashina mawili yanapendeza macho tu.

Mbegu za msimu ujao

Msimu A unaanza Septemba na mvua. Barabara inayozuia mboga inazuia mbegu pia, kwa hiyo anayevuna sasa aache mashina mawili ao matatu ya lengalenga yakomae bila kukatwa. Vichwa vikikauka, vipukutishwe juu ya kitambaa; shina moja linatoa maelfu ya mbegu. Maharagi yaliyokauka kwenye ganda yanafaa pia. Kwa tomati, angalia pakiti: iliyoandikwa F1 haitazaa watoto wanaofanana na mama, na mbegu zake itabidi kununuliwa tena. Mbegu zote zikaushwe kivulini, zifungwe ndani ya chupa kavu, na tarehe iandikwe juu yake.