Wimbo Hubaki Picha Ikizimwa

Wasikilizeni watoto wanaporudi kutoka kwa jirani mwenye televisheni. Ukiwauliza hadithi ilikwendaje, kila mmoja ataeleza lake. Lakini ukiwaomba waimbe wimbo wake, wote wataimba pamoja, wala hawakosei hata neno. Picha imekwisha kuzimwa, ila wimbo wamekuja nao nyumbani.

Hapa Uyole, kwenye njia panda ya kwenda Tukuyu na Kyela, si ajabu tena kuona watoto wamejaa mbele ya televisheni wakitazama katuni, yaani picha za kuchorwa zinazotembea na kusema. Wazazi wengi hujiuliza kama picha zile ni njema au mbaya. Ni wachache wanaouliza juu ya muziki wake. Kumbe muziki ndio unaokaa kichwani siku nyingi.

Simba mweupe wa Wajapani

Wajapani, ambao katuni zao huitwa anime, walilifahamu jambo hili zamani. Mwaka 1965 walianza kuonyesha katika televisheni hadithi ya simba mweupe wa Afrika, iitwayo Jungle Taitei, iliyotokana na vitabu vya mchoraji Osamu Tezuka. Muziki wake ulitungwa na Isao Tomita. Tungo zake zilipendwa hata zikapigwa na okestra, watu wakasikiliza bila kutazama picha yo yote. Lakini ile ilikuwa Afrika iliyofikiriwa kutoka mbali.

Katuni za kwetu

Siku hizi tunazo za kwetu. Mwaka 2014 katuni ya Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya taifa, TBC1. Imetengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, nayo hufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Mtunzi wa muziki wake, Arnold Minde, ni mmoja wa waanzilishi wa shirika la Ubongo. Mwaka 2016 ikafuata Akili and Me, kwa watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza. Akili ni msichana mdogo akaaye na jamaa yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala, huota yuko na rafiki zake wanyama, na pamoja nao huimba herufi, tarakimu na maumbo.

Je, mambo haya yana faida? Mtafiti Dina Borzekowski aliwapima watoto zaidi ya 500 wa Morogoro, akatoa habari zake mwaka 2018. Waliotazama Akili and Me kwa majuma machache waliwapita wenzao waliotazama katuni nyingine, kwa mfano katika kuhesabu na kutambua tarakimu.

Wazee wetu hawatashangaa. Bibi alipotoa hadithi jioni, alikuwa na mahali pa kuimba, na wajukuu wakaitikia. Kiitikio kile kilimwamsha aliyeanza kusinzia, tena kiliishika hadithi isipotee.

Muziki wa chinichini

Uko pia muziki usio na maneno, upigwao chini ya maneno ya wasemaji. Huo ndio unaomwambia mtoto: sasa ogopa, sasa cheka, sasa huzunika. Jaribuni siku moja kuzima sauti wakati joka linapotokea. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya mama yake huenda akacheka tu. Kwa hiyo mzazi akitaka kujua kama katuni inamfaa mtoto mdogo, asitazame tu, asikilize pia. Kama muziki ni wa vitisho tangu mwanzo hata mwisho, usishangae mtoto akikosa usingizi.

Kuimba si kujua

Hata hivyo, hapana budi tuangalie. Mtoto aweza kuimba moja hadi kumi bila kukosea, na bado asijue kuhesabu. Mwekee viazi mbele yake, umwambie, “Nipe vinne.” Wengine watakupa konzi nzima! Wameshika wimbo, maana yake bado.

Dawa yake haina gharama. Imba naye polepole, na kwa kila neno aguse kiazi kimoja, asiruke, wala asikiguse kimoja mara mbili. Mkimaliza, mwulize, “Ni vingapi?” Akijibu kwa neno la mwisho alilotamka, bila kuanza upya, basi ameanza kuelewa. Fanyeni hivyo na maharage wakati wa kuchambua, na vikombe wakati wa chai.

Wala msiseme, “Sisi hatuna televisheni.” Wimbo hauhitaji umeme. Mtoto mmoja akiusikia kwa jirani, jioni ndugu zake wote watakuwa nao. Baba na mama nao waujifunze, hata kama sauti si nzuri. Na bibi akiwapo, aombwe atoe zile za kwake, kwa Kisafwa au Kinyakyusa, maana katuni haijui nyimbo hizo, na yeye asipozifundisha, nani atazifundisha?