Taa ya Kupindika: Tuulize Risasi Yake Itakwenda Wapi



Hapa Bilpam, Juba, jua likizama wengi wetu huwasha taa ndogo za ledi zinazotumia umeme kidogo wa sola. Sasa wataalamu wanatafuta taa nyingine, nyembamba kama karatasi na inayopindika. Tumeona tuieleze, kwa kuwa kazi ya kuiunda na kuivunja itaangukia mikono ya wafanyakazi.

Taa hiyo hutumia perovskaiti. Jiwe lenye jina hilo lilitambuliwa mwaka 1839 kutoka milima ya Ural, Urusi. Ile ya taa hutengenezwa kwa kuchanganya chumvi, nyingi zikiwa na risasi, kisha hupakwa juu ya plastiki kama rangi. Mwaka 2014 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, waliwasha taa za namna hiyo, lakini kwa kila chembe 100 za umeme haikutoka hata chembe moja ya mwanga. Kufikia 2018 zilipita 20.

Shida iliyobaki ni uhai wake. Unyevu, hewa na joto huiharibu upesi. Tena ikipindwa mara nyingi, tabaka linalopitisha umeme hupasuka kama lipu ya ukutani. Kwa hiyo wanajaribu nyuzi nyembamba mno za fedha badala ya tabaka hilo, na kuifunika taa yote isipitishe maji.

Sisi tunauliza: taa ikifa, risasi yake itakwenda wapi? Ni kidogo kuliko ya betri, lakini taa zikitupwa kwa maelfu hujilimbikiza. Tunakumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu wafanyakazi na watoto mpaka kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo na mwanawe akaugua, aliongoza madai. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu ikatenguliwa katika rufani, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kwa hiyo taa inayodumu ni faida yetu mara mbili: fedha kidogo mfukoni haipotei, na sumu kidogo hutupwa. Lakini popote kazi ya risasi itakapofika, tudai mapema glovu, barakoa, mahali pa kunawa, nguo za kazi zisizokwenda nyumbani, na kupimwa damu. Tusingoje mtoto augue ndipo tuulize.