Bei Iandikwe Kwenye Tangazo

Tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, Nyamongo, mkoani Mara, imekuwa sehemu ambayo watu wanahamia kikazi bila kuwa na ndugu hata mmoja pale. Kuna pia biashara ya mpakani Sirari, utalii unaopitia Mugumu, na walimu na wauguzi wanaopangiwa vituo katika kata kama Kisaka. Watu hawa huanza kutafuta chumba wakiwa bado Mwanza au Dodoma, na walichonacho mkononi ni simu. Ndiyo maana madalali na wenye nyumba wamehamia Instagram, Facebook na status za WhatsApp. Wamefanya vizuri kuhamia huko, lakini matangazo mengi yanaficha yale yale anayoyatafuta mpangaji.

Tangazo la kawaida lina picha ya sebule yenye vigae vinavyong'aa, maneno "chumba masta, maji ndani, kuna fensi", namba ya simu, kisha "bei njoo inbox". Hapo mtafutaji anaanza kuhangaika. Kodi inalipwa ya miezi mitatu, sita au mwaka mzima? Mita ya umeme ya LUKU ni ya kwake peke yake au wanachangia? Kiangazi maji yanatoka, au inabidi kununua kwa ndoo? Kutoka barabara kuu ni mwendo gani wa bodaboda, na mvua ikinyesha njia inapitika? Video ya dakika moja isiyokatwa ingemaliza karibu yote hayo: ianzie barabarani, ipite getini, ioneshe mita za LUKU ukutani, kila chumba na yake, kisha bomba lifunguliwe. Bei na idadi ya miezi viandikwe chini yake.

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, nalo hutangaza nyumba zake mitandaoni, ila lenyewe linabebwa na jina. Mwenye vyumba sita ndani ya uzio mmoja hana jina hilo, hivyo ukweli wa tangazo lake ndio dhamana aliyonayo. Tena hasara yake kubwa haitokani na kukosa wapigaji simu. Inatokana na chumba kukaa kitupu, au mpangaji kuhama mapema baada ya ugomvi wa LUKU ya pamoja. Katika nyumba za namna hii watu wanaishi kwa kutegemeana: nani anafagia uwanja, geti linafungwa saa ngapi, muziki unaruhusiwa hadi lini. Anayekuja akiwa ameshayajua hayo huja ameyakubali, na asiyeyataka haji kabisa.

Wapo wenye nyumba wanaohofia kwamba bei ikionekana watatafutwa na mtoza kodi. Lakini kodi ya serikali inatokana na kupangisha, wala haisubiri tangazo. Wengine wanasema dalali atakosa riziki. Sioni hivyo, maana dalali ndiye mwenye pikipiki na simu nzuri. Alipwe kwa kupiga video na kuthibitisha nyumba, asilipwe kwa kuificha namba ya mwenye nyumba. Hoja ya utapeli ni nzito zaidi. Matapeli huiba picha za nyumba za watu, wakadai hela ya kushikilia chumba kwa M-Pesa, kisha simu haipatikani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, ila pesa ikishatolewa kuirudisha ni kazi. Kinga iliyo karibu ni kupiga simu ya video mtu akiwa amesimama ndani ya chumba chenyewe, na kumuuliza mwenyekiti wa kitongoji kama nyumba hiyo anaifahamu, kabla ya kutuma hata shilingi.

Linalonipa shaka zaidi ni faragha ya wanaoishi mle ndani. Kamera ikipita uani inachukua watoto, nguo kwenye kamba na namba za pikipiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Mwenye nyumba awaombe wapangaji ruhusa kabla ya kurekodi, na mmoja akikataa, mlango wake usipigwe picha.