Mbio Si za Medali Pekee

Mgeni akisikia jina la Kenya, aghalabu hufikiri juu ya mbio. Tangu Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Mexico mwaka 1968, hadi Eliud Kipchoge alipomaliza masafa ya marathoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa muda usiotimu saa mbili, sifa hiyo haijafifia. Ajabu ni kwamba katika nchi hii ya wanariadha, raia wa kawaida akionekana anakimbia ilhali hafukuzwi wala hafukuzii matatu, watu humkodolea macho.

Mimi ni mkazi wa Kinoo, na hukimbia kwa sababu moja tu: napenda. Lakini nikimbilie wapi? Upande mmoja ipo njia kuu iendayo Nakuru, ambako malori na matatu hayana subira na mwenda kwa miguu. Upande wa pili ni vichochoro baina ya magorofa, ambako bodaboda ndizo zenye haki ya njia. Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania hata wakapigwa mwaka 1999, ni mahali pa kupendeza. Hata hivyo, kutoka huku kwetu kuufikia ni nauli, na langoni pana kiingilio.

Utamu wa mbio zisizo na mshindi niliuonja ugenini. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na walimu wengi wa Kenya wakavuka mipaka kwenda kufundisha. Nilikuwa miongoni mwao mjini Kigali mwaka 2016, wakati mji huo ulipoanza kufunga baadhi ya barabara zake Jumapili asubuhi ili watu watembee, waendeshe baiskeli na kukimbia. Wazee, akina mama na watoto walijaa barabarani, na hakuna aliyeuliza nani katangulia.

Hapo ndipo nilipoona jambo linalotuhusu sisi walimu. Darasani wanafunzi wangu walikiogopa Kiingereza, kwa kuwa kila kosa lilipata alama yake nyekundu. Barabarani, tukipanda kilima huku tunahema, walinisemesha kwa Kiingereza hicho hicho, kimejaa makosa na vicheko. Aliyekosea kitenzi hakujali. Pumzi yenyewe ilikuwa haba, na hakuna aliyekuwa akisahihisha. Siku zilivyopita, baadhi yao walianza kuinua mikono darasani. Ulimi, kama mguu, hupata nguvu pale unapoachiwa kujaribu bila kupimwa.

Je, sisi tunawaachia watoto wetu nafasi hiyo? Katika miaka yote ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, kipindi cha mazoezi ya viungo kilikuwamo katika ratiba. Kwa kuwa hakikutahiniwa, mara nyingi kilimezwa na hisabati. Mtaala ulibadilika, lakini mazoea ni kama sheria. Mwanafunzi asiye na kipaji cha kushinda huketi kando, akiamini kwamba mbio si zake. Kisha tunashangaa anapoamini kwamba hata lugha si yake.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza siku zisizo na magari katikati ya jiji la Nairobi, na mpango huo ukaahirishwa kabla ya kuanza. Sisi wa Kinoo hatuombi makuu. Kaunti ya Kiambu na itufungie barabara moja ya ndani kwa magari, walau asubuhi moja ya Jumapili kila mwezi. Shule zenye viwanja na zifungue malango siku hiyo. Nao walimu wenzangu, kipindi cha viungo kikifika, waiache chaki mezani na kutoka nje pamoja na wanafunzi, saa isiyo na maksi.